Ufunguo wa Dhahabu

Televisheni ilivuka Holili usiku, chini ya mikungu ya mshare,
na kwa kuwa nchi yetu haikuwa na cha kuirushia
tulitazama Nairobi yenye chenga
hadi Mjomba Ndewirwa aliporudi Moshi kutoka Leeds
na shahada ya mabomba, koti lenye harufu ya mvua ya kwao,
na kompyuta nyembamba kama sinia,
vibonye vyake vya mpira, laini kama ufizi wa mtoto.

Mchezo ulikuwa ndani ya kaseti.
Redio ikiisoma ilipiga kelele dakika sita,
kelele za mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi,
na dakika ya tano, mara nyingi, TANESCO nao walicheza zamu yao.
Tulirudisha mkanda kwa kalamu ya Biki. Tukaanza upya.

Juu ya jalada, ufunguo wa kuchorwa uling'aa:
atakayepita vyumba vyote akalipata neno la mwisho
aliandike, alitume Uingereza,
apewe ufunguo wa dhahabu, wa kushikika, wa kujaribiwa kwa meno,
na pauni elfu kumi.

Baba alizigeuza shilingi, pambizo la gazeti likamwishia.
Kabla hatujafika chumba cha tatu
alikwisha nunua lori la Bedford, limebeba vitunguu,
limepinduka darajani Kikafu, amelitengeneza.
Mama hakutaka lori. Alitaka sabuni isiyo na foleni.

Mashine ilielewa maneno mawili tu kwa mpigo.
Chukua taa. Fungua mlango. Nenda kaskazini.
Apaikunda, kidato cha pili, kamusi mapajani,
alichora vyumba nyuma ya kalenda ya chama cha ushirika,
mishale ikavuka Machi, ikazama Septemba.
Nyumba nzima ikashika lugha hiyo.
"Chukua ndoo," Mama aliniambia. "Nenda bombani."
Nikamjibu kama mashine: "Sielewi."
Kofi nililielewa.

Mwenye kucha nilikuwa mimi.
Siku ya malaria, jalada kifuani,
nilibandua kibandiko cha bei, pensi hamsini,
na chini yake herufi za sisimizi:
mwisho wa kupokea majibu, tarehe thelathini na moja Agosti.
Ya mwaka juzi.

Dada alisoma mara moja. Akakilamba kibandiko, akakirudisha.
"Usimwambie Baba. Lori lake bado lipo njiani."
Mjomba nilipomuuliza alinunua kwa bei gani
alitazama mlima, ambao siku hiyo haukuwepo.

Naye akaendelea. Kila jioni, kelele, kamusi, kalenda,
mlango uliokataa wiki tatu,
kwa zawadi iliyokwisha kuliwa na mwingine
au na kutu.

Usiku wa Pasaka, umeme ukiwa na adabu,
saa tisa, nilisikia akikohoa kicheko.
Nilipofika skrini ilikuwa nyeusi,
kalenda imeviringishwa kama mkeka, bahasha imegundishwa.
"Neno ni lipi?"
"Nenda kitandani," akasema.

Tuliituma Posta ya pale mnara wa saa, stempu ya tembo wawili.
Ilirudi Novemba. Kampuni imehama, haijulikani iliko.
Baba alikuwa ameacha kuuliza;
alisema tu kwamba vitunguu, hata hivyo, vingeoza.

Apaikunda sasa hupima ardhi, anakaa Rau.
Bahasha ipo kwenye kopo la vifungo, haijafunguliwa.
Mara mbili nimeishika mbele ya balbu:
karatasi imekunjwa mara tatu, neno limelala mkunjoni.

Krismasi iliyopita nilishindwa kuvumilia.
"Fungua bahasha," nikamwambia.
Alinitazama kama skrini, bila kupepesa.
"Sielewi," akasema,
akaendelea kuchakura kopo, akitafuta kifungo cha shati.