Jiwe la Kizingitini

Nilipokuwa na miaka minne
jiwe la Bimurza lilikuwa kubwa kama mkate.
Bibi Dzabuli alinionyesha kwa mkate wenyewe,
mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni,
jiko la kuni likinguruma
kama ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa.

Nilipotimiza saba, lilikuwa gurudumu la mkokoteni.
Na mwaka ule theluji ilipofunga njia ya mjini
tukala viazi tangu Desemba hadi Machi,
lilikuwa fahali aliyelala.

"Babu wa babu yako," husema Bibi,
"alilivusha mlima wa Latpari, mgongoni, peke yake,
maana kijiji hakikuwa na jiwe la kusagia,
watu wakitafuna shayiri nzimanzima kama farasi.
Siku tatu. Hakulitua hata mara moja.
Alilala amesimama, ameuegemea upepo."

Hapo kwenye upepo huinua kidole,
na mimi na binamu yangu Mushni
tunajua tusicheke.
Mama, aliyeolewa kutoka bondeni,
hukung'uta chumvi vidoleni, akanong'ona:
mwamba ngoma huivutia kwake.

Lakini jiwe lipo.
Limelazwa kizingitini, mlangoni mwa mnara wetu,
limemeguka ukingo,
tundu lake la katikati limejaa udongo
na kizibo cha chupa ya soda.
Sote tunalifutia matope ya viatu.
Bibi tu ndiye hulivuka kwa hatua ndefu,
sketi ameikusanya mkononi kama anayeruka kijito,
nasi tulidhani ni magoti.

Kiangazi hiki nimetimiza kumi na mmoja,
nina uzi, nina rula ya shule.
Nimelipima: shubiri mbili na nusu.
Nikapenyeza vidole chini yake, nikakaza meno.
Upande mmoja ukanyanyuka,
sisimizi wakatawanyika, wamepofushwa na mwanga.

Nikakimbilia jikoni.
"Bibi! Hata mimi ninaliinua!"

Alikuwa anatwanga vitunguu saumu na chumvi.
Mchi ukasimama.
Akachungulia mlangoni kama Mushni yuko karibu,
kisha akasema, si kwa sauti ya hadithi,
ila kwa ile anayonitumia kunituma maji:

"Walikwenda wawili.
Bimurza, na mdogo wake, Gela.
Wakati wa kurudi Gela aliteleza,
mguu ukavunjika chini ya goti.
Kijiji kilikuwa kinangoja unga.
Mgongo ulikuwa mmoja."

Akauinua mchi. Akautua tena.

"Alimrudia, yeye na watu na kamba.
Theluji ilikwishawatangulia.
Mama mkwe wangu aliniambia hapa hapa,
tumbo langu likiwa na baba yako,
naye aliambiwa hapa hapa.
Sasa wewe umeliona dogo.
Likiwa dogo, Tatia, mtu atauliza
kwa nini hakuwabeba wote wawili.
Au kwa nini hakuliacha."

Nilitaka kuuliza hilo hilo.
Nikaomba ndoo.
Nilipotoka kwenda kisimani
nililivuka,
na magoti yangu hayana kasoro yoyote.

Usiku Mushni akadai hadithi.
Bibi akagusa koo, akasema limemkauka,
akanielekeza mimi kwa kidevu.
Nikaanza: njaa, shayiri, Latpari.
Nilipofika penye watu wangapi walikwenda
nikameza mate, nikasema: peke yake.

"Na jiwe," akauliza Mushni,
aliyelikanyaga asubuhi hiyo hiyo,
"jiwe lilikuwa kubwa kama nini?"

Nikatanua mikono. Haikutosha.
Nikamtazama Bibi; alikuwa anatazama moto.

"Kama kanisa," nikasema.
"Kanisa zima, na kengele yake ndani."