Mikono ya Bi Shufaa

Kompyuta imeletwa ndani ya mfuko wa mchele,
imeviringwa leso, kamba juu.
"Yawaka," asema Bi Shufaa, fundi wa hina na piko wa Kuze,
"yafika kwenye ile nembo, kisha yazunguka,
yazunguka tu, kama mtu aliyesahau alilolijia."

Duka langu ni ngazi tatu chini ya barabara, Mwembe Tayari.
Feni yahamisha joto lile lile kutoka kona hadi kona.
Nachomeka flashi. Nasubiri.
Swali la kwanza la mfumo mpya ndilo la hatari,
limekaa juu, limeshatiwa alama, lavutia kidole:
Futa diski yote, anza upya.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nililibonyeza.
Mwenyewe simtaji. Alikuwa na duka la dawa,
na madeni ya wateja ya miaka saba.
Hakupiga kelele. Alitoa kalamu,
akaanza kuandika majina nyuma ya risiti yangu.
Alipofika la tisa akaomba maji.

Basi leo nashuka hadi mstari wa mwisho,
ule wa maandishi madogo: Njia nyengine.
Jedwali lafunguka, na diski yaonekana ilivyo,
nyumba moja, vyumba vitatu, milango haina majina.
Cha mbele kidogo, cha kuwashia tu; hicho sikifuti.
Cha kati, giga sitini, ndimo alimolala mgonjwa.
Cha nyuma, giga mia nne.

"Bi Shufaa, picha zako waziweka wapi?"
"Ndani."
"Ndani wapi?"
"Ndani ya kompyuta, mwanangu. Wataka nizitie kabatini?"
Nakala hana. Nilimwambia mwaka jana, na mwaka juzi.

Nakichungulia cha nyuma, bila kuandika herufi.
Mikono.
Ya Majengo, ya Likoni, ya Kisauni, ya Sparki,
mikono ya maharusi wa miaka kumi na mitatu,
viganja wazi kama vya mtu aombaye,
majani ya piko yamepanda hadi kiwikoni.
Mmoja una kovu la mafuta ya moto,
na ua limechorwa kulizunguka, halikulifunika.

Hina hukaa wiki mbili; tatu, ukiwa huoshi vyombo.
"Huyu ameachika," asema. "Huyu yuko Maskati.
Huyu alifariki kwa uzazi. Mamake huja kila Shaabani,
auangalia mkono, anywa kahawa, aenda zake."

Nyumbani kwetu wiki hii twagawa nyumba ya marehemu babu.
Wenye haraka wasema ibomolewe yote, isimame ghorofa.
Shangazi yuko chumba cha nyuma. Hakuna aliyemuuliza.

Narudi kwenye jedwali.
Cha kati: futa, mfumo mpya ukae humo.
Cha nyuma: baki ulipo.
Kijisanduku cha kufuta ni kidogo kama punje ya ufuta.
Nakiacha kitupu. Naangalia tena. Kitupu.
Namwita Dhulkifli, kinyozi wa mlango wa pili.
"Mstari huu una alama?"
"Hauna."
"Apa."
"Wallahi hauna. Nimemwacha mtu na povu kidevuni."

Nabonyeza.
Asilimia nne. Kumi na moja. Thelathini.
Stima yayumba, feni yasita,
Bi Shufaa ashika ukingo wa meza
kwa vidole visivyotakata tena, kahawia hadi kwenye kucha.
Betri yashika. Mstari waendelea kutambaa.

Alasiri yawaka: uso mpya, vitufe vigeni,
herufi kubwa ambazo kesho atakuja kuzilalamikia.
Mlango wa nyuma nimeupa jina, Mikono.
Aufungua. Ashuka taratibu, mwaka baada ya mwaka,
midomo yake ikihesabu.

"Ni ngapi?"
"Mia nane."
"Mia nane!" Aiviringa leso yake.
"Ya kazi gani? Mbona zote ziko vile vile?"