Mguu wa Nane

Bahari naijua kwa chumvi tu,
ile ya kupimiwa kwa kikombe pale soko la Kadutu,
na kwa jasho linaloshuka chini ya miwani ya kuchomelea.
Jirani yangu ni ziwa. Ziwa lina sambaza,
lina gesi tumboni, ndivyo wanavyosema waliosoma.
Pweza halina.

Lakini Nsimire alifungua kitabu cha shule,
akabandika kidole juu ya picha:
"Baba, huyu. Mwenye miguu mingi. Nitengenezee huyu."
Nimetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu,
madirisha ya kanisa, mageti yenye maua ya chuma.
Ningemkataaje mnyama asiye na hata mfupa mmoja?

Kulabu niliichonga mwenyewe: njiti ya mwavuli,
nikaikata, nikaipiga tupa, nikaipinda ncha
mpaka ikafanana na kidole kinachoita.
Uzi ulikuwa bado sweta,
ya kijani, ya mitumba, kola imeliwa na nondo.
Ilibidi nifumue kabla ya kufuma,
na sikujua kwamba kazi yote ingekuwa ni hiyo:
kufuma, kufumua,
herufi moja katikati, na usiku mzima.

Mama Cibalonza, muuza makala,
yeye aliyevalisha makochi yote ya kilimani vitambaa vyeupe,
alinitazama dakika moja akacheka hadi akaketi.
"Fundi, mbona unaukaba uzi kama umekamata mwizi?
Legeza. Haukimbii."

Legeza! Miaka ishirini na mbili
nimelipwa kwa sababu nakaza.

Umeme ukikatika, chuma hulala,
nami navuta kigoda mlangoni, kwenye mwanga uliobaki.
Mishono sita ndani ya pete.
Kumi na miwili.
Kumi na minane, au kumi na saba, sijui,
mvua inapiga bati, inanichanganyia hesabu.
Mugisho akaja kuulizia bei ya geti lake.
"Kumi na nne," nikasema, macho kwenye kulabu.
Alikuwa ameshazihesabu dola kumi na nne mkononi mwangu
na kushuka nusu ya mteremko
nilipofika kumi na tano nikashtuka.

Kichwa cha kwanza: kiazi.
Cha pili: kiazi kilichokanyagwa.
Cha tatu nikakijaza sifongo ya godoro kuukuu,
nikakishonea macho, washa mbili za bolti ndogo,
zikakivuta mbele, kikainama
kama mtoto aliyechelewa shule.
Nikakiacha hivyo. Nilikuwa nimeanza kumpenda.

Miguu ndiyo iliyonifurahisha.
Mnyororo mrefu, kisha unarudi nao, mishono miwili kila tundu,
na mguu unajisokota wenyewe,
kama vile chuma kinavyojisokota chini ya keekee.
Hilo nililielewa bila kufundishwa.
Mmoja mrefu, mmoja mnene, mmoja umekwenda upande.
Wa saba ukaisha, na sweta ikaisha nao,
ikabaki mikono mitupu, yangu,
na kipande cha uzi kinaning'inia chini ya tumbo.

Nikampa hivyo hivyo, nimeandaa maneno ya kujitetea.
Nsimire akamgeuza. Akahesabu kwa sauti, akigusa kila mguu,
akafika saba, akakishika kile kiuzi.
"Nane," akasema. "Huu bado mdogo. Utakua."

Usiku nikajikwaa kwenye beseni la kuogea,
limejaa maji, limewekwa katikati ya chumba.
Pweza yumo, amelewa maji, macho ya chuma yamezama,
na kopo la chumvi liko kando, wazi,
karibu tupu.
Nikauliza gizani nani amemaliza chumvi ya nyumba.
Sauti ikatoka chini ya blanketi:
"Asijione mgeni, Baba."