Zizi la Bati

Dola mia sita na arobaini, si senti zaidi,
ndani ya kopo la biskuti juu ya friji.
Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na kioo cha dirisha kimeota manyoya kwa ndani.

Wilondja anataka kadi ya picha.
Mimi nataka ukimya.

Ugomvi ulianza kwa adabu:
yeye na karatasi yake, mimi na yangu,
kila mmoja amejumlisha hadi mwisho na kumsahau mwenziwe.
"Ukimya hauuzwi," akasema.
Unauzwa, mdogo wangu. Feni tulivu ni dola thelathini na mbili,
nenda kaulize.

Mimi hunasa sauti.
Mlango wa basi ukishusha pumzi,
barafu ya mto ikikohoa usiku,
trei za kiwanda cha mikate ninakofanya zamu
zikiangukiana, kha, kha, kha.
Nazikata, nazipanga, nazitia mdundo
kwenye laptopu ya kuazima inayoanza kugugumia
kila nikiongeza sauti ya saba.
Yeye hukimbiza magari yasiyokuwepo
kwenye barabara zisizo na theluji. Simlaumu.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja.
Wahenga hawakulipa kodi ya nyumba Mtaa wa Selkirk.

Zizi tuliliokota: ofisi ya bima ilihama,
ikaacha makasha matatu kando ya jaa.
Prosesa ya mtumba, pini zote zimesimama, tulizihesabu kwa tochi.
Pawasaplai pekee ndiyo mpya,
maana kwenye umeme hatubahatishi.
Kadi ya picha tukaifuata gerejini kwa Dindo,
akaitoa ndani ya taulo la mtoto
kama mkunga anayekabidhi.
Mia na themanini. Tulikuwa na mia na arobaini.
Akatazama buti zetu, akatazama theluji.
"Mtaleta," akasema.

Baridi ya hapa hukausha hewa hadi kila kitu kinang'ata:
kitasa, blanketi, shavu la mtu.
Cheche moja ya kidole na bodi mama imekwisha.
Kwa hiyo kila mara, kabla ya kugusa chochote,
tuligusa bomba la radieta,
kama wanaobisha hodi.

Akapaka krimu ya prosesa kama siagi.
Nikaifuta yote. Kiasi cha punje ya dengu, basi.
"Huu si mkate," nikamwambia,
mimi ninayejua mkate.

Saa sita usiku tukabonyeza.
Feni zikazunguka. Taa ya buluu ikawaka.
Skrini nyeusi.
Tukangoja. Nyeusi.
"Haya," akasema Wilondja, "ukimya wako huo."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni kati ya skrubu.
Yeye akachomoa kumbukumbu, akazipuliza,
akazirudisha kwa dole gumba, kwa nguvu iliyonitia hofu,
hadi zikalia ta! upande huu, ta! upande ule.
Tukabonyeza tena.
Tii.
Mlio mmoja mwembamba, na kinasa sauti changu
kilikuwa wazi mfukoni, sikujua.
Sasa ndio unaofungua kila ninachotunga.

Lakini kadi ya Dindo ikipata moto huvuma,
na maikrofoni yangu haina hisani, husikia yote.
Tukahamishia mashine kabati la makoti,
tukatoboa ukuta, tukapitisha nyaya.
Mlango tunauacha wazi upana wa kiganja,
isije ikajifia humo.
Bado inasikika kidogo. Nimeacha kuiondoa.

Dindo tumembakizia dola ishirini.

Saa kumi alfajiri Wilondja ndiyo kwanza analala,
macho mekundu, ameshindwa tena kona ya mwisho.
Navaa koti gizani kwenda zamu,
na mikono ya koti ina joto
hadi kwenye vifundo.