Hesabu ya Kahawa

Ukutani, kando ya mashine, Hilkka kabandika karatasi:
kikombe kimoja, kistari kimoja, senti thelathini.
Nje ni Oulu, saa tatu asubuhi na bado giza,
theluji imefunika baiskeli hadi kwenye tandiko.

Urpo hujaza bakuli la supu, huchora kistari kimoja.
Tuire hunywa nusu, huchora nusu ya kistari,
kisha hurudia nusu ya pili, kalamu asiione.
Na maziwa je? Anywaye kavu asema hayamhusu.

Mwisho wa mwezi Hilkka akamwaga mkebe mezani,
akahesabu, akarudia, akavua miwani:
zimezidi yuro sita.
Zimezidi!
Upungufu angejua pa kuuweka;
ziada ilimnyima usingizi.

Kumbe ni Armas wa stoo,
daktari kamkataza kahawa tangu kiangazi.
Kila siku saa tatu huja mikono mitupu,
husimama katikati ya mvuke na porojo.
"Silipii kahawa," akasema. "Nalipia kusimama."

Hilkka akachora safu mpya,
kalamu ikabaki hewani.
Kusimama ni senti ngapi?

Urpo, kimya, akaenda ukutani
akaongeza kistari.