Maneno Yasiyozidi Mia Mbili

Ofisi ya Uhusiano wa Kimataifa
zamani ilikuwa stoo ya mafagio.
Harufu ya dawa ya sakafu haijahama,
na mvua ikikaza Chang'ombe
maji hupita chini ya mlango
bila barua ya mwaliko.

Humu ndani naitunza Ulaya:
faili la kijani, mkataba wa kurasa arobaini na moja,
mihuri mitatu, na sahihi ya mkuu wa chuo
aliyeweka nukta mwishoni kama anapigilia msumari.
Kifungu cha nne chasema: kubadilishana.
Wawili waende, wawili waje.
Nililipenda neno hilo,
lilikuwa na mikono miwili.

Kutoka Maribor wakaja Jernej na Tjaša.
Mafundi wakamwita Tasha, akaitika.
Viza waliilipia uwanja wa ndege,
makoti bado mkononi.
Wiki ya kwanza wakajua
friji ikifa Temeke haizikwi:
inapasuliwa tumbo, kompresa ya hii inapewa ile,
na Fundi Anyelwisye anaegemeza bisibisi sikioni,
ncha yake juu ya bomba, anasikiliza,
kisha anasema, "Hapa,"
na kweli, ni hapo.
Tjaša akauliza, "Hii ipo kitabu gani?"
Fundi alicheka hadi bisibisi ikamdondoka.

Kwetu waliandikwa Lwitiko na Asteria Kokugonza.
Lwitiko alikwenda ubalozini na suruali ya kuazima
na bahasha nene: cheti cha kuzaliwa,
taarifa ya benki ya mjomba wake,
barua yangu niliyoiandika mara tano.
Jibu lilikuwa mstari mmoja.
Hatujaridhika kwamba atarudi.

Atarudi!
Kijana ukimtuma soda kwa Mangi
anarudi na chenji, na kofia ya chupa
kwa kuwa huenda ina zawadi.

Usiku ule nilikifungua tena kifungu cha nne.
Neno lilikuwa palepale,
mkono mmoja umetiwa mfukoni.

Asteria alipata. Miezi minne.
Akaandika: Madam, huku mwalimu anaulizwa kwa nini
na hanuni.
Akaandika: theluji haina sauti,
mimi nilidhani italia kama mvua ya bati.
Akaandika: wana mashine ya kupima kila kitu,
ila yenyewe imeharibika, tunamngoja fundi wa mashine
siku ya tatu leo.
Jana niliomba bisibisi.

Aliporudi, akanyoosha mkono katikati ya karakana.
"Kwa nini gesi ya zamani tunaiachia hewani?"
Kimya.
Fundi Anyelwisye alifuta vidole kwa kitambaa,
kimoja kimoja.
Nilikuwa mlangoni, nimejiandaa kwa radi.
Akasema, "Sijui. Tutafute."

Miaka kumi na tisa nipo chuoni hapa.
Sijui hiyo ilikuwa ya kwanza.

Sasa kuna mtungi pale konani, wa kukusanyia gesi,
na kigari cha kuubebea
alichokichomelea Lwitiko.

Leo najaza ripoti. Swali la saba:
eleza faida za ushirikiano
kwa maneno yasiyozidi mia mbili.
Kisanduku kidogo kama dirisha la tiketi.
Bisibisi sikioni ni krediti ngapi?
Na Sijui ya mtu mzima, mbele ya wanafunzi wake,
naiweka safu ipi?
Nimeandika: tumepokea wawili, tumepeleka mmoja,
mnatudai shukrani, tunawadai safari.
Nimefuta.
Nimeandika vilevile, herufi kwa herufi.
Sijafuta.

Mlango unagongwa. Ni Lwitiko,
suruali safari hii ni yake mwenyewe,
bahasha kwapani.
"Tunajaribu tena lini?"
Keti, namwambia, nyanyua miguu,
maji yanaingia.
Nipe hiyo bahasha, isilowe.