Kozi

Nilifika Rau na daftari lenye mhuri wa chuo,
maneno yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu:
boriti ya mzunguko, sakafu ya zege, kifuniko cha kipaa.
Fundi Elinami akalifunua kwa kidole chenye saruji kavu,
akasoma, midomo ikicheza, akalifunga.
"Umemaliza kozi ngapi?"
Tatu, nikasema, ya nne nasubiri majibu.
Kicheko kikapanda hadi kwa wanaopaua nyumba ya jirani.
"Mimi leo nimelaza saba, na chai bado."

Nikaanza kufuta.
Boriti ya mzunguko ni mkanda,
maana nyumba isiyofungwa mkanda huachia tumbo.
Sakafu ni jamvi:
hutandikwa bichi, halikaliwi siku saba,
na kila alfajiri unalinywesha maji
kama mgonjwa asiyeweza kuomba.
Pale bati za huku zinapokutana na bati za kule
ni kofia.
Zege ni karai moja, mbili, nne,
ukikosea hesabu anza upya, kokoto hazina huruma na mgongo.
Na kona, ambayo chuoni ilikuwa kanuni ya Mgiriki,
hapa ni kamba ya katani yenye mafundo:
tatu, nne, tano, vuta, usipumue.

Mwiko ulinichelewesha.
Kwa bibi Kandida, mwiko ni kupiga mluzi usiku.
Jikoni kwake, mwiko unasonga.
Hapa mwiko una ncha,
na mwiko wa kwanza ni kugusa mwiko wa mwenzako.

Timazi yake ilikuwa nati ya trekta la shamba la miwa
kwenye uzi wa nailoni.
Aliishusha ukutani, akangoja itulie,
akanisogeza nitazame kwa jicho moja.
Ukuta wangu ulikuwa umeinama, upana wa ukucha.
"Ramani itakudanganya," akasema,
"injinia atakudanganya, na mimi nikishiba nitakudanganya.
Timazi haina shemeji."
Tukabomoa kozi nne.
Sikulia. Vumbi tu.

Nyumba ilikuwa ya Mama Aikande, muuza mitumba wa Memorial.
Ramani yake ilikuwa na ngazi,
na juu ya ngazi vyumba viwili na kibaraza cha kutazamia mlima.
Alileta pesa zimefungwa kwenye pindo la khanga,
kwanza za mifuko hamsini,
kisha kumi,
kisha mitatu na maneno.
Pesa ikaishia kwenye mkanda.
Akahamia hivyo hivyo,
chini ya bati za kuazima zilizokandamizwa kwa mawe,
na kila pembe nguzo ikachomoza nondo zake nne,
zimesimama wima, hazina pa kwenda.

Nikauliza zile zinaitwaje.
"Deni," akasema Elinami.
"Pembe," akasema Ndewirwa mchanganya zege, akacheka peke yake.
Daftari langu lilikuwa na neno,
refu, halikutosha mdomoni.

Tulirudi Jumapili moja kudai salio.
Kijana wake alikuwa juu ya ngazi ya mirunda
na antena ya televisheni mkononi, anatafuta pa kuishikiza.
Mama akatoka jikoni, akamwita kwa sauti ya kawaida kabisa:
"Si uifunge pale, kwenye ghorofa!"

Hakuna aliyecheka.
Elinami akavua kofia, akajikuna, akasahau deni.
Nikaandika, nimesimama, goti likiwa meza:

Ghorofa. Nondo kumi na sita za milimita kumi na mbili,
zilizoachwa wazi juu ya mkanda.
Hushika antena. Masika, hushika kutu.

Majibu ya kozi ya nne yametoka, nasikia.
Sijaenda kuyatazama.
Hapa niko kozi ya tisa,
na kamba imelegea kidogo upande wa mtoni.